Kofia ya chuma mliyoichapisha haikupigana Kagera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo. Katika toleo lenu la Jumapili iliyopita mliweka picha ya kofia ya chuma ya Kijerumani, iko juu ya meza katika duka moja la vitu vya kale hapa Kampala. Maelezo yaliyokuwa chini yake yalisema ilivaliwa na askari wa Mdachi kwenye mapigano ya mto Kagera, Vita Kuu ya Kwanza. Haiwezekani. Na ushahidi umo katika picha yenu yenyewe.

Mimi ni fundi wa mabati wa Katwe, sasa nimestaafu. Kofia hizi nilianza kuzikusanya baada ya mhandisi mmoja Mjerumani, niliyemtengenezea matangi ya maji, kuniachia moja aliyorithi kwa babu yake. Kilichonishika ni kazi ya mikono ya wenzangu: bamba moja la chuma limekandamizwa mpaka likashuka masikioni na shingoni, bila kuchomelewa popote. Nilitaka kujua nani kaifanya na wapi. Jibu lilikuwa limegongwa ndani, upande wa kushoto, karibu na ukingo.

Tuanze na picha. Kofia ya chuma ya kwanza ya Wajerumani ni ya 1916. Aliyeibuni ni Friedrich Schwerd wa Hannover, na ilianza kuvaliwa Verdun, Ufaransa, mwaka huo. Ukiiona huwezi kuikosea: kila upande ina kinundu kinachochomoza kama pembe ya mbuzi mchanga. Kinundu hicho kina tundu la kupitisha hewa, na ndipo lilipotundikwa bamba zito la ziada la kukinga paji la uso. Kofia yenu haina vinundu. Tundu lake la hewa ni dogo na limefinywa kwenye chuma chenyewe. Kofia za mtindo wa 1935 ziliwekewa katika tundu hilo kipete kilichotengenezwa peke yake. Mwaka 1940 kipete kikaondolewa ili kazi iende haraka. Ukingo wa kofia yenu umekunjwa kwa ndani, maana yake si ya mtindo wa 1942, ambao uliachwa bila kukunjwa. Basi ni ya mtindo wa 1940. Mapigano hayo ya Kagera yalikuwa yamekwisha kwa zaidi ya miaka 20.

Hata ingekuwa na vinundu, bado ningekataa. Askari wa Schutztruppe, jeshi la Wajerumani katika koloni lao la Afrika Mashariki, hawakupewa kofia za chuma. Walivaa tarbushi yenye kifuniko cha kaki, kitambaa cha kukinga shingo na nembo ya tai mbele. Wazungu wao walivaa helmeti nyepesi za gome la mti wa koki zilizofunikwa kitambaa, au kofia pana za ukingo uliopindwa. Na kuzileta baadaye kulikuwa kugumu, kwa sababu bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Novemba 1917 Wajerumani walijaribu kuleta shehena kwa ndege kubwa ya gesi, L59, iliyoondoka Jamboli, Bulgaria. Ilifika anga ya Sudan ikageuka.

Hili ndilo linaloniuma, Ndugu Mhariri. Wanaume waliopigana mpakani kwetu, wa upande wa Mdachi na wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, waliingia risasini wakiwa na kitambaa kichwani. Wapagazi waliobeba mizigo yao hawakuwa hata na hicho. Mkiwavika chuma cha Verdun katika gazeti, mnawanyang'anya shida yao ya kweli, na wajukuu wao watasoma hivyo na kuamini.

Sasa kuhusu chapa zilizogongwa ndani, kwa faida ya vijana wanaoanza kukusanya. Ukiona ET, kofia ilitoka kiwanda cha mji wa Thale, Ujerumani. Q ni kiwanda cha Quist cha Esslingen, NS ni Schwerte, SE ni Lauter kule Saxony, EF ni Fulda. Baadhi ya viwanda hivi vilikuwa vya vyombo vya enameli, sufuria na mabakuli, na baada ya vita kofia nyingi zilitobolewa zikawa vichujio vya jikoni. Fundi wa Katwe analielewa hilo bila kuelezwa. Vita vilipoendelea herufi zilibadilishwa kuwa za siri: Thale ikawa ckl, Lauter ikawa hkp. Namba inayofuata herufi, 62, 64, 66 au 68, ni ukubwa wa kofia kwa sentimita, wala si mwaka. Nimeshawasikia wauzaji wakisema 64 ni mwaka. Nyuma, ndani, kuna namba nyingine, ya fungu la chuma.

Halafu angalia bitana ya ngozi. Pete yake ya bati nayo ina namba mbili: ya kofia inayoingia na ya kichwa cha mvaaji. Kofia ya 64 hupokea bitana ya kichwa cha 56 au 57. Ukikuta bitana imeandikwa 66 ndani ya kofia ya 64, kuna mtu ameunganisha vitu viwili. Chapa halisi iligongwa kabla ya kupaka rangi, hivyo rangi ya kiwandani imetulia ndani ya herufi. Ikiwa rangi imepasuka pembeni mwa herufi, zimegongwa juzi. Na ukiona kishikizo cha chuma kisogoni, hiyo ni ya Hungaria, ya 1938. Zinafanana na za Kijerumani na wengi huuziwa kwa jina hilo.

Tafadhali msizisugue kwa msasa. Ikishang'arishwa, kofia haina tena cha kusema.

Namwomba mwenye duka aipindue kofia yake, apige picha upande wa ndani kushoto na nyuma, aitume kwenu. Nitamsomea bila malipo. Askari wetu wa 1939 hadi 1945 walipigana na Waitaliano Abisinia na Wajapani Burma, kwa hiyo njia ya kofia hiyo mpaka Kampala ni swali zuri, na huenda aliyemuuzia anajua. Nanyi naomba mchapishe masahihisho. Na kama kuna familia ya Rakai, Masaka au Isingiro yenye ile nembo ya tai ya tarbushi, isiiuze kwa wanunua vyuma chakavu. Makumbusho ya Uganda yapo barabara ya Kira, iwaonyeshe kwanza.

Wenu,
Fundi mstaafu,
Katwe, Kampala