Barua kwa mabinti wa kikundi chetu: nani kawaambia fremu ya biashara ndo mafanikio?

Wanangu, naandika nikiwa na hasira, bora niseme mapema. Juzi hapa Mbagala nimeshuhudia mwenzenu anabebewa friji, godoro mpaka jiko la gesi kisa rejesho la kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya kulipa kila wiki, na waliobeba ni wanawake aliodhaminiana nao, wengine wenu nyie nyie mmeshika godoro. Nimelia.

Huyu binti alikuwa na meza yake ya chai na vitumbua, kila asubuhi ndoo inaisha, watoto wawili wanasoma, kikoba anaweka, hata mwenye duka la unga hamdai. Mkaanza, eti utakaa mezani mpaka lini, wenzio wana fremu. Akaona aibu akakopa. Mwenye fremu kataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, bado rangi, bado bango, bado viti, mtaji wote ukaishia ukutani, siku anafungua hana hela ya mchele na rejesho linamsubiri wiki hiyo hiyo. Hela iliyoingia kwenye rangi inarudije ndani ya siku saba jamani?

Mie nimeuza chakula miaka 31. Nilijua nimefanikiwa siku mwanangu karudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa shule, nikavunja kibubu nikampa, sikumsubiri mtu arudi kutoka kazini wala sikumpigia mjomba wake. Mwenzio kwake labda ni kiwanja, mwingine anataka tu Jumapili apumzike. Anayetaka fremu aitake, ila aitake yeye, na cha kuijaza awe nacho.

Mengine mnayajua. Hela ya biashara na ya kula zisikae pochi moja. Andikeni mauzo. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, wanawake tuna 4 humo, haina riba, sajilini kikundi mkaombe hata kama makaratasi yatawachosha.

Na nyie wanaume, mke akianza kupata mnaacha kutoa hela ya kula, mtaji unaliwa na familia nzima halafu mnasema hakui. Duka la mume lenye hasara mnaliita biashara, meza inayosomesha watoto wenu eti kabiashara!

Jumamosi kwenye kikao mwenzenu atakuja, nimembembeleza. Asiulizwe habari za fremu. Meza yangu ya zamani na kikaango cha vitumbua vipo uani kwangu, walioshika godoro ndo waje wambebee.