Mahakama iulize nani alimtafuta mwenzake

Mhariri,

Sisi wa Idodi na Tungamalenga tunapakana na Hifadhi ya Ruaha, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 tembo waliuawa ovyo huku. Jangili afungwe, kwa hilo sina ubishi. Kinachoniuma ni mtego wa aina moja.

Chukua kijana wa bodaboda asiye na kesi hata moja. Mgeni anamfuata, anajifanya mnunuzi wa meno ya tembo. Kijana anakataa. Mgeni anapiga simu tena, anamrushia hela ya mafuta, anamuulizia mtoto anayeumwa, anataja mamilioni. Baada ya kubembelezwa wiki kadhaa kijana anakwenda kulitafuta jino, analileta, na mnunuzi anageuka askari. Kukutwa na nyara za serikali ni kifungo cha miaka 20 hadi 30! Hapo hakuna kilichobambikwa, jino alikuwa nalo kweli, ndiyo maana wakili wake anakosa pa kushikia.

Marekani jambo hili liliwafika enzi pombe ilipopigwa marufuku. Ofisa wa serikali alijifanya mtalii, akaenda nyumbani kwa Sorrells, mkazi wa North Carolina, akamwomba pombe. Akakataliwa. Akaanzisha stori za Vita Kuu ya Kwanza, maana wote wawili walikuwa wamepigana katika divisheni moja, kisha akaomba tena na tena, mpaka mwenyeji akatoka na kurudi na nusu galoni. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu, ikasema utetezi kwamba kosa lilitungwa na ofisa ulistahili kusikilizwa. Uingereza hawauhesabu kuwa utetezi, lakini tangu uamuzi wa kesi ya Looseley wa mwaka 2001 ni wazi kuwa jaji anaweza kuisimamisha kesi nzima pale dola yenyewe ilipomshawishi mtu atende kosa.

Nitajibiwa kwamba bila mitego TAKUKURU isingewanasa wala rushwa. Ni kweli, ila tazama mtego huo unavyoanza: mwananchi ameombwa hela, anakwenda kulalamika, ndipo noti zinawekewa alama. Mla rushwa alishaomba kabla ofisa yeyote hajaingia. Kwa kijana wetu aliyeanza ni askari, na bila yeye pengine jino lile asingeligusa maisha yake yote.

Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 16, haina kifungu kinachoutaja utetezi huu wa kushawishiwa na ofisa wa dola. Wabunge wa Iringa na Mbeya walifikishe suala hili bungeni. Na hata kabla ya hapo, upande wa mashtaka ulazimike kuleta mahakamani rekodi za simu na meseji zote tangu ile ya kwanza, siyo za siku ya kukamatwa tu, ili hakimu aone nani alimtafuta mwenzake, na mara ngapi mtu huyo alisema hataki.

Mkazi wa Idodi,
Iringa