Barua kwa mwanangu aliyehamia Philadelphia

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo. Mama yako mzima, mdogo wako ana kikohozi kidogo ila anakula kama kawaida, na bibi yako wa Tanga anakusalimu sana. Picha uliyotuma kwenye kundi la familia tumeiona. Mama yako ameona umekonda. Mimi nimeona kofia.

Nakuelewa. Chuo kipya, marafiki wapya, mji mzima umevaa nyekundu, na wewe si wa kukaa pembeni peke yako. Lakini ile herufi P ya Phillies, timu ya besiboli ya huko kwenu, juu ya paji la uso wa mtoto niliyemlea mwenyewe hapa Silver Spring, pembeni ya Washington! Nilimwonesha mwenzangu Mhabeshi tunayekaa naye foleni ya teksi uwanja wa ndege. Yeye besiboli haimhusu ndewe wala sikio. Akaniuliza kama umepata kazi kwenye duka la kofia.

Sikuandikii ili uivue. Mimi mwenyewe ni mtu wa Coastal Union, timu iliyobeba ubingwa wa Bara mwaka 1988 na mpaka leo tunaishi kwa simulizi. Sina ubavu wa kumchagulia mtu timu. Kilichonikera ni ule ujumbe ulioandika chini ya picha, kwamba rafiki zako wanasema Washington Nationals, timu yetu, walibahatisha ubingwa wa besiboli mwaka 2019 na wewe hukuwa na la kuwajibu. Ulikuwa mdogo, ulikuwa unalazwa kabla mechi haijafika katikati. Basi majibu ni haya, uende nayo.

Anza na Bryce Harper, maana najua wao wataanza naye. Alikuja Washington mwaka 2012 akiwa na miaka 19, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015. Katika miaka yake saba kwetu tuliongoza kundi letu mara nne, na mara zote nne tukatolewa kwenye raundi ya kwanza ya mtoano. Ile ya 2012 tulikuwa mbele pointi sita kwa sifuri dhidi ya St. Louis kwenye mechi ya mwisho, tukafungwa. Nilizima redio nikaendesha hadi nyumbani bila abiria.

Mkataba wake ukaisha, na mwanzoni mwa Machi 2019 Phillies wakamtambulisha: miaka 13, dola milioni 330. Siku hiyohiyo ya kutambulishwa, mbele ya waandishi wa habari, ulimi ukamteleza akasema anataka kuurudisha ubingwa D.C., yaani kwetu Washington. Waulize rafiki zako kama wanaikumbuka hiyo. Dua yake ilipokelewa mwaka uleule.

Ila haikuanza hivyo. Tarehe 2 Aprili Harper alirudi uwanjani kwetu na jezi ya kwenu. Watu walimzomea kila aliposimama kupiga, na wengine walikuwa wamevaa jezi yake ya zamani, namba 34, wameibandika utepe juu ya jina. Yeye akaupiga mpira ukavuka uzio, pointi ya moja kwa moja, akalitupa gongo juu kwa madaha, wakatufunga nane kwa mbili. Usiku huohuo Trea Turner, mtu wetu wa mbio, alijaribu kuugusa mpira kwa gongo, mpira ukamvunja kidole. Akakaa nje zaidi ya mwezi. Kocha wa warushaji alifukuzwa mapema mwezi wa tano. Tarehe 23 Mei tulimaliza kufungwa mechi nne mfululizo kule New York na Mets, hesabu ikasimama kushinda 19, kupoteza 31. Redioni watu walikuwa wanapiga simu kudai kocha Dave Martinez aondoke. Mimi pia nilikuwa nadai, ila kwa sauti ya ndani ya gari.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoiharibu hadithi. Utasikia wanasema walivumilia, wakaamini, wakapata. Mwanangu, kila timu inavumilia. Timu inayopoteza mechi mia moja nayo inavumilia, tena kuliko wengine. Ligi Kuu ya nyumbani ina mechi 30. Hawa wanacheza 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku ya Mungu. Kwenye mechi nyingi hivyo, bingwa mwenyewe hufungwa mara sitini na kitu na hakuna anayeshangaa. Kwa hiyo 19 kwa 31 ni mbaya, lakini ukiangalia nani hakuwepo kwenye zile 50 unaona kitu kingine. Turner alikuwa na kidole kilichovunjika, Anthony Rendon aliumia kiwiko, Juan Soto naye alikosa siku kadhaa. Waliporudi wote, tulishinda 74 na kupoteza 38 katika mechi zilizobaki. Timu ilikuwa nzuri tangu mwanzo, haikuwa imekamilika tu.

Na warushaji wa kuanza mechi tulikuwa nao tangu mwanzo: Max Scherzer, Stephen Strasburg, Patrick Corbin na mzee Aníbal Sánchez. Scherzer ndiye yule mwenye jicho moja la bluu na jingine la kahawia, uliyekuwa unasema anatisha. Mwezi wa sita, kwenye mazoezi, aliupiga mpira ukamrudia usoni ukamvunja pua. Kesho yake akaja kurusha, chini ya jicho kumevimba kweusi kama amepigana kilabuni. Alirusha awamu saba kati ya tisa za mechi bila kuruhusu pointi hata moja, akawatoa wapigaji kumi kwa kuwakosesha mpira. Waliofungwa siku hiyo ni Phillies. Nakukumbusha tu.

Siku ile ndiyo Gerardo Parra, mchezaji wetu mwingine, alipoanzisha ule wimbo wa watoto wa samaki papa, Baby Shark. Alikuwa hapigi vizuri, akabadilisha wimbo wake wa kuingilia akaweka ule anaoupenda binti yake wa miaka miwili. Baada ya hapo uwanja mzima, watu wazima na ndevu zao, wanapiga makofi kwa mikono miwili kama mdomo wa papa. Mdogo wako alikuwa anafanya hivyo mezani na uji mkononi. Wewe ulikuwa umeshaanza kuona aibu, ukawa unajifanya hutufahamu.

Hao Phillies tuliwamaliza rasmi tarehe 24 Septemba, pale kwetu, mechi mbili siku moja. Ya kwanza iliwatoa kwenye mbio za mtoano. Ya pili Turner alipiga mpira nje ya uzio vituo vyote vimejaa, pointi nne kwa mkupuo, na usiku huo tukafuzu sisi. Wao walimaliza msimu 81 kwa 81. Sisi 93 kwa 69.

Sasa, ubovu wetu. Usiwafiche rafiki zako ubovu wetu, watakuona mkweli. Warushaji wetu wa akiba, wale wanaoingia mwanzilishi akichoka, walikuwa miongoni mwa wabaya kabisa katika ligi. Tukiwa mbele kwa pointi mbili awamu ya nane nilikuwa nashusha sauti ya redio ili abiria asisikie ninavyohema. Martinez alilijua hilo kuliko mimi. Oktoba ilipofika akaamua hao hatawatumia, ila wawili watatu anaowaamini, akiwemo Daniel Hudson aliyeletwa mwezi wa saba kutoka Toronto. Mapengo mengine aliyaziba kwa kuwaingiza warushaji wake wa kuanza katikati ya mechi. Huko ni kucheza karata mbaya vizuri, si kubahatisha.

Tarehe 1 Oktoba ilikuwa mechi moja ya kufa na kupona, dhidi ya Milwaukee. Scherzer alianza, tukawa nyuma tatu kwa moja, Strasburg akaingia wa akiba kwa mara ya kwanza, akafunga mlango. Awamu ya nane, wapigaji wetu wawili wameshatolewa, akitolewa wa tatu zamu yetu inaisha, vituo vyote vitatu vina watu wetu, anarusha Josh Hader mwenye nywele ndefu, anapiga Soto, mtoto wa miaka 20. Unamkumbuka Soto? Kila mpira alioukataa alikuwa anachuchumaa kidogo, anaburuta mguu kwenye vumbi, halafu anamkazia macho mrushaji kama anamdai kodi ya nyumba. Akaupiga kulia, mlinzi wa Milwaukee ukampita chini ya glavu, wakaingia watatu. Nne kwa tatu. Nilipiga honi foleni nzima ikageuka.

Raundi iliyofuata tulikutana na Los Angeles Dodgers, walioshinda mechi 106 mwaka ule. Mechi ya tano, ya kuamua, ilichezwa kwao, ikaisha huku kwetu usiku wa manane umepita. Tulikuwa nyuma tatu kwa moja awamu ya nane. Rendon akapiga nje ya uzio, na mpira uliofuata, Soto naye nje ya uzio, wote kwa Clayton Kershaw, mrushaji mkubwa wa zama zake. Awamu ya kumi Howie Kendrick, miaka 36, ambaye mwaka uliotangulia alikatika kano ya kisigino, akapiga nje na vituo vimejaa. Wachezaji walikuwa wanajiita kwa Kispania Los Viejos, wazee, kwa sababu kweli walikuwa kikosi chenye umri mkubwa kuliko vyote. Raundi ya kabla ya fainali, St. Louis hatukuwaachia hata mechi moja.

Fainali ilikuwa na Houston Astros, ushindi 107. Haijawahi kutokea kabla yake: mechi saba, na kila mechi mwenyeji alifungwa. Tulishinda mbili kwao, wakaja kwetu wakatufunga tatu, tena vibaya, hatukupata hata zaidi ya pointi moja kwa mechi. Siku ya mechi ya tano Scherzer aliamka shingo imekaza hawezi kujivalisha, mkewe akamsaidia kuvaa. Wakamchoma sindano. Watu wangu wa foleni wakasema imekwisha.

Mechi ya sita, awamu ya kwanza, Houston walianza kumsoma Strasburg. Kocha wa warushaji aligundua kwamba jinsi anavyoshika mpira ndani ya glavu inamuuza, akamwambia, naye akaanza kuitikisa glavu kila kabla ya kurusha. Akaenda hadi awamu ya tisa wakiwa wamepata mbili tu. Na sisi tulikuwa tumejiandaa: wadakaji na warushaji wetu walibeba seti kadhaa za ishara, zile za kuambiana kimyakimya mpira gani unarushwa, ili Houston wasizisome. Januari iliyofuata ligi ikawaadhibu Houston kwa kuiba ishara kwa kamera mwaka 2017. Kwa hiyo tahadhari ile haikuwa wasiwasi wa bure.

Mechi ya saba, tarehe 30 Oktoba, Scherzer alisimama na shingo yake. Karibu kila awamu Houston walikuwa na watu vituoni, lakini katika awamu tano waliambulia mbili. Corbin akaingia, mwanzilishi mwingine, akazuia awamu tatu. Upande wa pili Zack Greinke alikuwa anatuchezea hadi awamu ya saba, Rendon akapiga nje, Soto akapewa kituo cha bure, wakamtoa Greinke. Gerrit Cole, mmoja wa warushaji wao wakali kabisa mwaka ule, alikuwa amekaa na warushaji wa akiba. Hakuingizwa. Kendrick akaupiga kulia, mbali, ukagonga wavu wa nguzo ya mpakani. Yule mtangazaji wetu alipaza sauti ikakatika. Sita kwa mbili. Hudson akammaliza wa mwisho. Washington haikuwa imeuona ubingwa huo tangu 1924.

Mhabeshi wangu akatoka kwenye gari lake kuuliza nani amekufa.

Bibi yako nilimpigia asubuhi yake kumpa habari. Nikajaribu kumweleza mchezo wenyewe. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza: "Sasa akizunguka vyote akarudi palepale alipotoka, amepata nini?" Nikamwambia pointi moja. Akasema haya.

Kikosi kile hakipo tena. Rendon aliondoka majira yaleyale ya baridi, Scherzer na Turner waliuzwa Julai 2021, Soto Agosti 2022, na mwaka huo tukapoteza mechi 107. Strasburg aliongezewa mkataba wa dola milioni 245, mkono ukakataa, akarusha mechi nane tu kabla ya kustaafu. Rafiki zako wakikutania kwa hayo, waache, ni haki yao. Na Harper mpe heshima yake: alichukua tena tuzo ya mchezaji bora mwaka 2021 akiwa kwenu, na mwaka uliofuata akawafikisha fainali. Walifungwa na Houston. Hilo waambie kwa upole.

Hela ya vitabu nimeituma Ijumaa, angalia simu yako. Mama yako anataka umpigie, piga jioni. Mimi nipigie mchana, mechi zinaanza saa moja kasoro robo.

Baba yako