Watu wetu wa Ayvalık

Izmir, Uturuki

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Mimi mzima, ila tangu nirudi kutoka Ayvalık juzi usingizi haunijii vizuri, nikaona nikuandikie.

Mji ule ungeupenda. Vichochoro ni vyembamba kama vya Mji wa Kale kwetu Mombasa, na nyumba nyingi za mawe zilijengwa na Wagiriki. Hata msikiti wenye mnara wa saa ulikuwa kanisa. Mwaka 1923 Uturuki na Ugiriki zilikubaliana kubadilishana watu kwa kufuata dini: Wakristo zaidi ya milioni 1, wengi wakiwa wamekwisha kukimbia vita, wakapoteza kwao, Waislamu wapatao 400,000 wakaletwa huku. Hakuna aliyeulizwa. Bibi mmoja niliyemkuta mlangoni akichambua mboga aliniambia mama yake aliletwa kutoka Krete, kisiwa cha Ugiriki, akiwa mtoto, hajui ila Kigiriki. Mpaka uzeeni aliwabembeleza nacho wajukuu, kwa sauti ya chini, majirani wasisikie.

Kumbe kati ya hao wa Krete walikuwamo watu wetu, Rehema! Babu na bibi yake Mustafa Olpak, fundi marumaru wa Ayvalık, walitekwa Kenya wakauzwa utumwani Krete. Yeye ndiye aliyeifuatilia habari hiyo, na mwaka 2006 akaanzisha chama cha Waturuki wenye asili ya Afrika. Alifariki 2016, sikuwahi kumwona. Alikuwa akisema kizazi cha kwanza huishi mateso, cha pili hukana, cha tatu hutafuta.

Nimerudi Izmir na maneno hayo. Jana nimepita Kültürpark, bustani nzuri yenye miti na watoto wanaocheza, iliyofunguliwa 1936 juu ya mitaa ya Wagiriki na Waarmenia iliyoteketea kwa moto wa Septemba 1922. Nimepita hapo miaka miwili nikila mahindi ya kuchoma, sijui nimekanyaga nini.

Ndipo nikaikumbuka kengele ya Frere Town. Kila siku tulishuka matatu pale Kengeleni, tukaiona, tukaenda zetu shule. Na nyanya yako, ambaye wazee wake waliokolewa katika majahazi ya watumwa wakaletwa pale, tulipomwuliza kwao hasa ni wapi, alijibu "hapa hapa" na kutuondoshea sahani.

Bado anakumbuka vizuri? Keti naye jioni, usimharakishe. Hata jina moja tu la mahali, niandikie.

Wako akupendaye,
Zuhura