Pete ipi, shoga yangu?

Morogoro, Jumapili usiku

Shoga yangu Tatu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, kikohozi cha bibi kimepungua. Nimekaa kimya tangu arobaini ya Mzee, unisamehe. Leo ule ukurasa wa nane wa kitabu cha mafundi unachotafsiri umeninyima usingizi.

Tafsiri yako nimeisoma yote na imenifurahisha. Ila hapo unaposema "gonga pete mpaka ikae", pete ipi? Beringi ina mbili, gololi zimekaa katikati. Ya ndani ndiyo inayobana shafti, kile chuma kinachozunguka. Ukigonga ya nje ili ya ndani iingie, kishindo chote kinapitia kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye njia yao. Beringi mpya imeshaharibika hata haijazunguka! Unaikumbuka mashine yangu ya kusaga mwaka jana? Fundi aligonga ya nje, nami nimesimama pale namshikia tochi. Wiki ya pili ikaanza kulia, wateja wakahamishia mahindi yao kwa Mama Zubeda.

Najua umetoka kwenye kile kitabu cha sayari. Huko pete ya ndani ya Zohali ni ile iliyo karibu kabisa na sayari, na mwaka 2017 chombo cha Cassini kilipita mara 22 kwenye uwazi ulio kati yao. Mjomba wako seremala naye atakuambia pete ya ndani ya gogo ni ya utoto wa mti. Na huko ofisini kwenu kuna wa ndani wanaojua mambo kabla ya kikao… hayo tutayaongea. Lakini kijana wa gereji atashika nyundo, Tatu, na anakuamini wewe.

Basi nakuomba andika "ringi ya ndani, ile inayokaa kwenye shafti". Mafundi wetu wanasema ringi. Ongeza kwamba agonge kwa kipande cha bomba kinachogusa ringi hiyo peke yake, au aipashe moto itanuke, isizidi nyuzi 120. Beringi inayobana kwenye hauzingi, yaani kasha linaloishika kwa nje, ni kinyume chake, hiyo inasukumwa kwa ringi ya nje. Mama Zubeda mwenyewe alinunua beringi mbili mwezi mmoja kwa kosa hilihili.

Kitabu kinakwenda kuchapwa lini? Wamekubali kuweka mchoro? Ukurasa mmoja bado unaweza kubadilishwa, au nimechelewa? Na wale wa ndani, wameshakuita kwenye kikao chao? Idi unakuja?

Nijibu upesi.

Wako,
Mwajuma