Pete za skafu, barua kwa mwanangu aliye Arusha

Mwanangu,

Marahaba. Umeomba hela ya kununua pete za skafu, zile za kubania skafu ya skauti shingoni, za kubadilishana kambini. Hela situmi. Nimempa konda mfuko, ukaufuate stendi Ijumaa jioni. Mna kamba ya katani, vipande vya mti wa mbuni, mifupa ya ng'ombe na tupa ya mviringo.

Pete ya plastiki kila skauti anayo. Ya mbuni uliokatwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha bibi yako Kibosho, hana mtu.

Hata hizo pete zenyewe zilianza kwa kuokoteza. Skauti wa mwanzo walifunga skafu fundo, ikabaki na makunyanzi. Wamarekani wakajaribu pete za mfupa, kamba na mti. Miaka ya 1920 mwanzoni, pale Gilwell Park, kituo cha mafunzo ya viongozi wa skauti Uingereza, kijana mmoja wa karakana, Bill Shankley, akachukua mkanda mwembamba wa ngozi wa kuendeshea mashine, akausokota fundo la mabaharia. Baden-Powell mwenyewe, mwanzilishi wa skauti, akaikubali. Pete ya ngozi ya namna hiyo sasa ni ya viongozi waliopita mafunzo, kwa hiyo wewe tumia katani.

Kata kama mita moja. Izungushe kwenye vidole viwili, kisha uipitishe juu, chini, juu, chini, kama dada yako anavyosuka nywele, mpaka ncha irudi ilipoanzia. Hapo ifuate njia ileile mara ya pili na ya tatu. Usikaze mapema! Kaza ukishamaliza, kidogo kidogo, ukifuata kamba tangu mwanzo, la sivyo upande mmoja utavimba.

Mbuni ni mti mgumu, ndiyo maana unang'aa hata bila vanishi. Vipande nilivyotuma bado vibichi. Toboa kiini kwanza, paka nta ya mshumaa kwenye ncha zote mbili, uviache kivulini. Ukivianika juani vitapasuka. Kwa kambi hii huenda visiwahi, vitafaa ijayo.

Mimi napenda mfupa kuliko vyote. Hiyo ni mifupa ya makongoro. Supu tumeshainywa, nisamehe. Tayari ina tundu katikati. Ichemshe kwa maji ya sabuni mafuta yatoke, la sivyo itaipaka skafu madoa. Ikikauka, kata pingili za sentimita mbili na nusu hivi kwa msumeno wa chuma, panua tundu kwa tupa, malizia na msasa mwembamba. Piga msasa ukiwa umelowesha mfupa, na ufunge kitambaa puani, maana vumbi lake ni baya kwa mapafu. Ukitaka rangi, chemsha na majani ya chai. Utatoka kahawia mzuri sana.

Yule rafiki yako mwenye jino la ngiri aliloliokota, mwambie asilitie kwenye skafu. Hiyo ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi hata kama umeiokota njiani.

Tupa ni ya fundi jirani yetu, na ameshaanza kuiulizia. Ukimaliza, mpe konda yuleyule.

Baba yako