Umehama kutoka amplifaya ya vali, sasa gitaa linalia kama nzi kwenye kopo? Anza na spika

Mteja mmoja alituletea modela mpya, yaani kifaa cha kidijitali kinachoiga amplifaya na spika za gitaa, hata nailoni ya kwenye skrini alikuwa hajaibandua. Kabla hajaitoa kwenye begi akasema: "Fundi, hiki kitu kimbovu. Kinalia kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo." Wiki chache nyuma alikuwa ameuza amplifaya yake ya vali (mirija ya kioo inayokuza sauti), ile ya kubebwa na watu wawili, akanunua modela na spika moja ya masafa kamili, ya kupitisha sauti zote za chini hadi za juu. Ni mpiga solo wa miaka mingi, sikio lake halibahatishi. Tukachomeka gitaa pale mezani. Kweli, nzi.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Ndani ya modela, kila kifaa kinachoigwa huonekana kama kiboksi kwenye skrini; baada ya kiboksi cha amplifaya, kuna kiboksi kingine cha spika, na hicho kilikuwa kimezimwa. Tukakiwasha, nzi akapotea likabaki gitaa. Tukakizima makusudi, akarudi. Tukawasha na kuzima mara tatu nne hivi, mpaka mwenyewe akaanza kucheka.

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu modela yanatoka eneo hilohilo. Mtu anaamini amebadilisha amplifaya, kwa hiyo akikuta sauti mbaya anahangaika na amplifaya: anajaribu mfano wa Marshall, anajaribu Fender, anajaribu Vox, anaongeza geini (kiasi cha mkwaruzo), anapunguza geini, usiku kucha. Kumbe kitu kikubwa alichobadilisha ni spika, na siku ya kununua hakuna aliyemwambia.

Spika ya gitaa ni kiumbe cha ajabu kidogo. Ukipitisha muziki wa kawaida kwenye spika ya gitaa ya inchi 12, utadhani bendi imefunikwa blanketi. Haina twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Noti ya chini kabisa ya gitaa, ule uzi wa sita ukiwa wazi, iko Hz 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na spika nyingi za gitaa zinaanza kulegea karibu na hapo. Upande wa juu, zikipita Hz 5,000 hivi zinaporomoka haraka. Kwa fundi wa redio huo ni udhaifu. Kwa mpiga gitaa ndio utamu wenyewe, maana distoshani, ule mkwaruzo wa makusudi, huzaa masafa ya juu mengi na makali kama msumeno kwenye bati, na spika hiyo inayameza kabla hayajafika sikioni.

Spika ya masafa kamili haimezi kitu. Wufa inashughulikia chini, twita yenye honi inapeleka juu mpaka karibu na Hz 20,000. Ukiipa mlio wa amplifaya tupu, usiopita kwenye boksi lolote la spika ya gitaa, itakupa huo mlio pamoja na msumeno wake. Imefanya kazi iliyoundiwa.

Ndiyo sababu ya kile kiboksi cha spika kuwepo. Siku hizi kwa kawaida kinabeba faili la IR (impulse response, yaani kipimo cha jinsi spika inavyoitikia sauti). Mtu alichukua boksi halisi, tuseme lenye spika nne za kampuni ya Celestion, akaweka maiki mbele yake, akapitisha sauti ya kupimia inayopanda kutoka chini kabisa hadi juu, halafu programu ikakokotoa jinsi boksi lile, kwa maiki ile, katika nafasi ile, linavyoibadilisha sauti. Matokeo ni faili fupi mno: sampuli 1,024 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni kama milisekunde 21 tu. Lakini humo ndimo ilimo nusu ya tabia ya gitaa lako. Wakati wa kurekodi, maiki ikisogezwa kutoka katikati ya koni kuelekea ukingoni, kwa upana wa vidole viwili tu, ukali unapungua na sauti inanenepa. Ndiyo maana kubadilisha faili la IR huonekana zaidi kuliko kubadilisha amplifaya nzima ndani ya modela. Na ndiyo maana hatupendi kuona mtu ana maelfu ya mafaili haya. Chagua mawili au matatu, mengine yafungie mbali. Anayebadili spika kila siku hawezi kulizoea gitaa lake mwenyewe.

Sasa kuna wanaowasha kiboksi cha spika, nzi anaondoka, na bado wanasema: "Sawa, lakini si kama amplifaya yangu." Hawa hawakosei, na hatuwabishii.

Kumbuka ulikuwa unasimama wapi. Amplifaya iko sakafuni, inapiga kwenye magoti, wewe uko hatua mbili tatu mbele yake umeipa mgongo. Spika ya gitaa hutupa masafa ya juu mbele yake moja kwa moja, kama mwanga wa tochi. Ulikuwa nje ya ule mwanga. Ulisikia upande wake uliofifia, kwa hiyo ukazoea kupandisha trebo (sauti za juu). Aliyekuwa anaumia ni yule msikilizaji wa mstari wa kwanza, aliyekaa sawasawa na koni. IR, kwa upande wake, ni sauti ya maiki iliyokuwa sentimita chache tu kutoka kwenye koni, na spika ya masafa kamili ina honi inayotawanya ukali kwa upana na kukuelekezea usoni. Nobu zako za zamani, trebo saa nane na kadhalika, ukizinakili zilivyo utajichoma masikio.

Kwa maneno mengine, sasa unasikia kile ambacho fundi mitambo, yule wa sauti ya ukumbini, amekuwa akikipata kwenye maiki siku zote na kukipeleka kwa watu. Wengine wanalizoea hilo ndani ya wiki moja. Wengine hawalizoei, na kwa hao tunapendekeza njia ya kati: baki na boksi lako la gitaa, ongeza amplifaya ndogo ya nguvu, halafu kwenye njia ile zima IR. Boksi lenyewe ndiyo spika, hulihitaji mara mbili. Kwenye njia inayokwenda kwa fundi mitambo, IR ibaki imewashwa. Modela nyingi za kisasa zinaweza kutenganisha hizo njia mbili bila shida.

Kosa linalofanana na hilo ni kuchomeka modela mbele ya amplifaya ya gitaa, kwenye tundu la gitaa lenyewe, huku kila kitu ndani ya modela kimewashwa. Hapo unakuwa na amplifaya juu ya amplifaya na spika juu ya spika. Sauti inatoka kama ya mtu anayeongea ndani ya godoro.

Halafu lipo suala la sauti ya chumbani. Hili ndilo tunalolirudia kuliko yote na ndilo watu wasilolisikia. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walichapisha vipimo vyao vya jinsi sikio linavyopokea masafa katika ukubwa tofauti wa sauti. Kwa ufupi: sauti ikiwa ndogo, sikio halizisikii vizuri besi wala zile za juu, sauti ikikua, zinarudi kwa nguvu. Wewe umetengeneza priseti (mpangilio wa sauti uliohifadhiwa kwenye modela) saa tano usiku, volyumu ya chini usiwaamshe watoto. Umeongeza besi kwa sababu huisikii, umeongeza trebo kwa sababu huisikii, midi (sauti za katikati) umeichimbia shimo kwa sababu inakera. Jumamosi unafika kwenye mazoezi, mpiga ngoma anaanza, unapandisha sauti. Besi inagombana na gitaa la besi, trebo inachana, na pale katikati ambapo solo hukaa hapana kitu. Bendi nzima inakugeukia.

Kwa hiyo hapa karakanani hatutengenezi priseti kwa sauti ndogo. Tunafunga mlango, tunavaa vizibo vya masikio, tunapandisha hadi kipimo kisome desibeli 95 hivi pale mpigaji anaposimama, ndipo tunaanza. Kwanza tunakata chini. Tunaweka kikato kwenye Hz 80, tunakipandisha taratibu huku mteja akipiga kodi nzito, mpaka aseme "hapo umeniibia", halafu tunarudi nyuma kidogo. Mara nyingi tunaishia kati ya 90 na 120. Kisha juu: tunashusha kutoka Hz 10,000, tunaishia mahali fulani kati ya 5,500 na 8,000. Hapo tayari nusu ya wateja wanasema imetosha, na hatujagusa amplifaya. Halafu tunapunguza geini, karibu kila mara, na karibu kila mara kwa mvutano. Geini iliyonoga chumbani hugeuka tope mbele ya ngoma. Midi tunaipandisha. Mwishoni tunashusha sauti tuone kama bado inavumilika nyumbani. Isipovumilika, tunatengeneza priseti ya pili ya nyumbani na kuipa jina linaloeleweka.

Spika yenyewe nayo itazamwe nyuma. Spika nyingi za aina hii zilitengenezwa kwa ajili ya waimbaji na wapiga diski, zina swichi za kuongeza besi na kung'arisha juu. Weka kwenye hali ya bapa, isiyoongeza wala kupunguza chochote. Ukiilaza sakafuni kama monita, sakafu inaiongezea besi; ikiwa ina hali ya monita, itumie, la sivyo kata kidogo zaidi chini.

Kuhusu wati, usidanganyike na tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo mara nyingi ni ya kilele cha muda mfupi mno, ya kudumu ni ndogo zaidi. Pia wati za vali na za kidijitali hazilingani kimatumizi. Vali ikizidiwa inaendelea kutoa sauti, na unaipenda. Ya kidijitali ikizidiwa, saketi yake ya ulinzi inaibana. Mfano tunaoupenda ni wa Fender: mwaka 2019 walipotoa Twin Reverb ya kidijitali, waliipa amplifaya ya wati 200 ili iige ile ya vali ya wati 85. Uzito ulishuka kutoka karibu kilo 29 hadi 15. Hapo mgongo hauna cha kubisha.

Kuchelewa kwa sauti kunawatisha watu bure. Modela nzuri huchelewesha milisekunde mbili tatu. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni sawa na kusogea mbali na spika yako kwa hatua moja. Wasiwasi uje pale unapopanga vifaa vya kidijitali vinne mfululizo, pamoja na kifaa cha kupeleka sauti ya gitaa bila waya.

Kuna jambo moja halina mzaha. Tuliwahi kupokea kichwa cha amplifaya ya vali (amplifaya isiyo na spika ndani) na spika yenye amplifaya ndani, vyote vimekufa siku moja. Mwenyewe alichukua waya kutoka tundu la spika la kile kichwa akauchomeka kwenye tundu la kuingizia sauti la ile spika. Tundu la spika hutoa nguvu, si ishara ndogo, kwa hiyo spika ikaungua mlangoni. Na kile kichwa kikawa kinafanya kazi bila mzigo, transfoma ya kutolea ikaungua nayo. Amplifaya ya vali haiwashwi bila spika au mzigo maalumu wenye ohmu sahihi. Wala usiifungue mwenyewe: humo ndani kuna volti 400 na zaidi, na kapasita huzishikilia hata baada ya kuchomoa umeme.

Sisi bado tunatengeneza amplifaya za vali, na tunazipenda. Kama yako iko studio haihami, kama fundi unaye na vali unazipata, kama unapiga mlio mmoja tu msafi wenye mkwaruzo kidogo, hatuoni cha kukimbilia. Hawa hatuwauzii kitu, tunawabadilishia kapasita na kuwaaga. Anayehama kwa faida ni yule anayepiga kila wiki mahali tofauti, anayehitaji milio mitano kwa usiku mmoja, au ambaye kila ukumbi humwambia punguza sauti kabla vali hazijapata moto.

Kama unataka tukupangie, njoo na gitaa unalopigia jukwaani, si lile zuri la nyumbani, maana pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) zikibadilika priseti zinabadilika. Lete pedali unazotaka kubaki nazo, lete na spika yenyewe utakayotumia. Na kama amplifaya ya zamani hujaiuza, usiiuze kwanza. Tutaiweka sakafuni kando ya spika mpya, sauti sawa kwa kipimo, upige ile, upige hii, usogee mbali, uinamishe sikio mbele ya koni. Kazi huchukua kama saa mbili, na vizibo vya masikio tunavyo vya kukuazima.